Maji ya Chama Gani

Mwaka 2015 kila mwanamume wa mtaa wetu alikuwa mshauri wa rais. Edward Lowassa alihama CCM mwezi wa saba akaingia Chadema, Ukawa, muungano wa wapinzani, wakamsimamisha. CCM walikuwa na John Magufuli. Kuanzia hapo hadi siku ya kura, Oktoba 25, hapakuwa na mazungumzo mengine. Kijiwe chetu cha kahawa kilikuwa kwenye uchochoro unaoshukia bonde la Mto Ng'ombe, Kinondoni, Dar es Salaam: mabenchi mawili, birika juu ya makaa, sinia la kashata, na magazeti ya jana ya kusoma bure. Watu walianza kufika baada ya alasiri, na wengine walikuwa hawaondoki hadi isha. Mtaa wenyewe sitautaja kwa jina, maana nitakayosimulia yanahusu vyoo vya watu, na wenye vyoo bado wapo.

Nisieleweke kwamba nawabeza wanakijiwe wale. Walikuwa wanajua mambo. Fundi redio mmoja aliweza kukusimulia sakata la Richmond tangu mwanzo hadi Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, bila kuruka kituo. Dereva mmoja mstaafu alikuwa ameishika habari ya akaunti ya Tegeta Escrow kuliko baadhi ya waliopiga kelele bungeni. Tulibishana serikali mbili au tatu, Katiba Inayopendekezwa ipite au isipite, mafuriko ya nani ni makubwa zaidi, maana siku zile umati wa mkutano wa hadhara uliitwa mafuriko. Hayo yote ni mambo mazito, na mtu mzima hana budi kuyafuatilia. Lakini kikombe cha mwisho kikishanywewa, hakuna hata mmoja wetu aliyedaiwa kitu. Nadhani hapo ndipo penye utamu wa siasa za taifa: unaruhusiwa kukasirika hadi mishipa ya shingo ikutoke, halafu ukaenda kulala.

Nyuma ya mabenchi yale ulipita mtaro. Ulijengwa kwa matofali ya saruji zamani, kabla baadhi yetu hatujahamia pale, na kina chake kilikuwa cha kumfika mtu kiunoni. Mwaka ule kilichobaki kilimfika mtoto magotini. Kwingine kote ulikuwa umejaa mchanga, chupa, viroba, pampasi za watoto na mifuko ya rambo, ambayo ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Tulikuwa tumekaa tukiupa mtaro mgongo, kwa sababu kivuli kilikuwa upande ule.

Mwezi wa nane kipindupindu kikaingia. Mlipuko wa mwaka ule ulianzia wilaya yetu ya Kinondoni, kisha ukasambaa jiji zima na mikoani; mwaka ulipokwisha, wagonjwa nchi nzima walikuwa wamepita 10,000. Bwana afya akapita nyumba kwa nyumba na dawa ya kutibu maji. Kina mama wakafundishwa upya kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kwa mgonjwa anayesubiri kupelekwa kambi ya kipindupindu. Wauza matunda ya kukatwa wakapotea barabarani. Mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu alibebwa kwenye bajaji usiku, akarudi baada ya siku kadhaa amebaki macho tu, lakini alirudi.

Kijiweni ugonjwa ule ulipata maelezo mawili mara moja. Upande mmoja ulisema hayo ndiyo matunda ya chama kilichokaa madarakani hadi kikachoka. Upande wa pili ulisema si chama, ni wananchi wenyewe, wachafu wanaopenda kulalamika. Ukiyatazama vizuri utaona ni jibu lile lile. Kila upande ulikuwa umempata wa kumtwisha, na kila upande ulikuwa umekaa kwenye benchi.

Mvua za vuli hazikuchelewa. Ilinyesha usiku mmoja mvua ya maana, na asubuhi uchochoro wote ukawa na harufu ambayo mkazi yeyote wa mabondeni Dar es Salaam anaijua. Kwa msomaji ambaye hajaishi huko, nieleze. Shimo la choo likijaa, mwenye nyumba ana njia mbili. Ya kwanza ni kuita gari la majitaka lije kunyonya, nayo ni pesa. Ya pili ni kusubiri mvua kubwa, usiku, na kutoboa ukuta wa shimo upande wa mtaroni ili uchafu wote uondoke na maji. Hiyo huitwa kutapisha choo. Wengine hawahangaiki hata kutoboa kila mara: wanaacha tundu kabisa na kulizibia kwa kiroba cha mchanga, mvua ikija wanakivuta. Asubuhi kila mtu anaruka madimbwi, anaziba pua, anampa jirani yake shikamoo. Hakuna anayeuliza.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaita kikao, chini ya mwarobaini ulio karibu na kijiwe. Wengi waliokuja ni wanawake. Wanaume nao walikuwepo kwa kuwa walikuwepo tayari. Waligeuza tu mabenchi. Mjumbe akafungua kwa maneno ya kawaida, usafi na afya na ushirikiano, na haikuchukua muda watu wakarudi kwenye Lowassa na Magufuli. Mmoja akasema tusubiri tu siku ya kura, mtaro utazibuliwa na serikali mpya. Mwingine akasema hiyo serikali mpya ndiyo ile ile. Sauti zikapanda.

Hapo akasimama bibi mmoja mwenye nyumba ya chini kabisa, pale mtaro unapokata kona. Kila kinachotoka juu hupita mlangoni kwake. Akasema, "Wanangu, mimi nataka kujua jambo moja tu. Yale maji ya chooni yaliyoingia jikoni kwangu juzi, ni ya chama gani?"

Watu wakacheka. Mjumbe, kwa adabu, akamwambia, "Bibi, siasa hapa tuziache."

"Si nyinyi mlioanza? Mimi nimeuliza maji."

Kicheko kikakatika. Kila mtu pale alijua maji ni ya nani. Nyumba zilizokuwa zikitapisha zilikuwa tatu, na moja ilikuwa ya yule dereva mstaafu, mchambuzi wetu wa Escrow. Nakumbuka jinsi watu walivyoyakwepa macho yake. Tulikuwa tumezoea kuwataja mawaziri kwa majina yao matatu, na kuwataja majambazi, na kuwataka wajiuzulu. Jirani anayekaa hatua chache kutoka kwako hakuna aliyethubutu kumtaja. Waziri hakujui na hutakutana naye dukani. Jirani atakuja kukubebea jeneza.

Mzee akasimama mwenyewe. Sijui kama ni bibi aliyemtoa au ni ule ukimya. Akasema, "Sawa. Moja ni langu." Kisha akatoa maelezo ambayo, kwa kweli, yalikuwa na uzito kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyatoa kuhusu Bunge. Gari la majitaka haliingii uchochoroni. Linasimama barabarani, na mpira wake haufiki kwake. Ana wapangaji vyumba sita na choo kimoja. Wapangaji hutupa pampasi na matambara shimoni, choo ambacho kingekaa miaka kinajaa upesi. Akiwaambia wachange, wanamwambia kodi wameshalipa. Kodi yenyewe wanalipa kwa kusuasua. Mpangaji mmoja akamrukia: shimo lile lilichimbwa fupi tangu mwanzo, na bafu linamwaga humo humo, linajaa maji, si pampasi. Wakabishana hapo muda mrefu, na sikuona mtu hata mmoja akitazama simu.

Ule ndio ulikuwa mjadala wa kwanza wa sera niliowahi kuusikia mtaani kwetu. Nani analipa, nani ananufaika, nani anaumia, kwa nini mtu mwenye akili zake anaona kuchafua ni nafuu kuliko kusafisha. Hakuna aliyekuwa shetani. Gharama ya kusafisha ilikuwa ya mtu mmoja na gharama ya kuchafua ilikuwa ya bibi.

Nilipewa daftari. Mimi ni mwalimu, na katika nchi hii mwalimu akihudhuria kikao ndiye katibu. Niliandika yaliyokubaliwa, na hayakuwa makubwa. Kina mama wa kikoba walikubali kuwakopesha wenye nyumba kutoka mfuko wao wa jamii, ili wasiseme hawana pesa kwa mkupuo. Kila mpangaji atachangia kidogo kila mwezi, na atakayetupa pampasi shimoni atafute choo kingine. Fundi redio, ambaye ndiye aliyekuwa anajua watu, akaleta vijana wenye pampu ya mkono: wanaingia hata kwenye uchochoro wa kupita mmoja mmoja, wanavuta uchafu hadi kwenye mapipa, wanapakia kwenye guta, wanaenda kumwaga panapostahili. Nikawauliza wanamwaga wapi, maana isingekuwa na faida kuusafisha mtaro wetu tukajaza wa wenzetu. Wakanionyesha risiti za mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Swali lile lilinifundisha kazi ya katibu kuliko semina yoyote niliyopelekwa.

Nyumba mbili zilitekeleza. Ya tatu ilikataa. Mwenyewe alikuwa anakaa mbali, anakuja kuchukua kodi tu, na alitujibu kwamba choo ni chake na kiwanja ni chake. Watu wakashauri tumwache, tusije tukaharibu ujirani. Bibi akasema ujirani umeshaharibika, ila umeharibikia kwake peke yake. Basi tukafanya jambo ambalo kabla ya hapo nisingelidhani: tulimshitaki kwa bwana afya, kwa maandishi, majina yetu yakiwa chini. Ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, zipo sheria ndogo za manispaa, zote zinakataza alichokuwa akikifanya. Alitozwa faini, akachimba shimo jipya. Na hadi leo haniamkii. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaolisifia jukumu la mtaani kana kwamba ni mambo ya kukumbatiana na kupikiana pilau. Kwa uzoefu wangu, siasa za mtaani zina gharama kali kuliko za kitaifa. Ukimtukana rais kijiweni, jioni unashikwa mkono. Ukiweka sahihi dhidi ya mwenye nyumba wa tatu, unapoteza salamu.

Hapa nichepuke kidogo, kwa kuwa historia yetu wenyewe inalo somo ambalo hatulisomi. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri, kwa jina la Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuyasogeza maendeleo karibu na wananchi. Kilichotokea ni kwamba maamuzi yalishikwa na maofisa waliokuwa wakitazama juu kwa mabosi wao. Miji ikaumia kwanza: taka, mitaro, maji, barabara. Ilibidi halmashauri za miji zirudishwe mwaka 1978, na za wilaya zikafuata baada ya sheria za mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alisema kwamba kama angeanza upya, kuzifuta serikali za mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyafanya. Jingine ni kuvivunja vyama vya ushirika. Mtu aliyeijenga nchi kutoka juu ndiye aliyetuambia kwamba pale chini palihitaji watu wa pale chini. Tukapewa tena mitaa, vijiji, wenyeviti, mikutano mikuu. Kisha tukaacha kuhudhuria.

Na sisemi kwa kubahatisha. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Desemba 14, 2014, miezi kumi tu kabla ya ule wa rais. Kijiweni kwetu wapo waliokuwa wakijua baraza la mawaziri lote kwa wizara, lakini ulipowauliza nani yumo kwenye kamati ya mtaa waliobishania kura yake majuzi tu, walikuambia, "Si yule mama wa duka?" Mama wa duka hakuwa mjumbe wa chochote. Alikuwa ana sauti tu.

Magufuli akashinda. Mwezi uliofuata akafuta sherehe za Uhuru na kuagiza Desemba 9 iwe siku ya usafi nchi nzima. Mwenyewe akatoka Ikulu akaokota taka, picha zikazagaa, na mtaani kwetu ari ilikuwa kubwa mno. Walikuja watu ambao hatujawahi kuwaona kwenye kikao chochote, wana gambuti mpya na machepe. Tulizibua mtaro kutoka juu hadi kona ya bibi. Tope lote tukalirundika kingoni, tukanawa, tukapiga picha. Gari la kuzoa halikuja. Jiji zima lilikuwa limezibua mitaro siku moja, magari yangetoka wapi? Mvua ya wiki ile ikalirudisha tope mtaroni taratibu, kama mtu anayerudisha alichoazima.

Sikumlaumu rais. Agizo lilikuwa zuri, na liliwatoa watu ndani. Lakini agizo la taifa halijui kwamba mtaa wenu hauna pa kupeleka tope. Jambo hilo linajulikana na watu wa pale tu. Mara iliyofuata tulikuwa wachache, bila kamera, na kwanza tuliongea na mwenye guta. Tope likaenda kujaza kiwanja cha jamaa aliyekuwa anatafuta kifusi. Alilipa yeye.

Ningekuwa mwongo nikisema kwamba jitihada zetu zilitosha. Mtaro wetu unamwaga kwenye Mto Ng'ombe, na mto ukijaa, maji yanarudi nyuma hata uwe umezibua namna gani. Karavati la barabarani lilikuwa dogo, na kulipanua si kazi ya kikoba. Mto wenyewe ulikuja kujengewa kingo za zege miaka kadhaa baadaye, chini ya mradi wa uendelezaji wa jiji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo wa aina ile unajadiliwa na serikali kuu, si na mjumbe wa nyumba kumi. Kwa hiyo anayekuambia siasa za nchi hazina maana, mwulize zege lile lilitoka wapi. Pia lazima tuwe macho na viongozi wanaopenda sana kusikia neno kujitolea. Mwananchi akishazoea kuzibua mtaro kwa chepe lake, yupo atakayeona bajeti ya mitaro inaweza kupelekwa kwingine.

Lakini kuhusu karavati nina ushahidi wa upande mwingine. Tulipokwenda kulidai manispaa hatukwenda kama kijiwe. Tulikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa, mahudhurio na sahihi zake, barua ya mtendaji, na orodha ya kazi tuliyokwisha kuifanya kwa mikono yetu. Ofisa aliyetupokea alizoea watu wanaokuja kufoka. Alifunua kurasa, akauliza maswali, akamwita mhandisi. Tulizungushwa, ndiyo, kama wanavyozungushwa wote, ila safari hii kulikuwa na faili. Yule dereva mstaafu alikuwa kwenye msafara, na ndiye aliyeongea vizuri kuliko sote. Ile hamu yake ya kufuata tarehe na takwimu, iliyokuwa ikiishia kwenye kahawa, sasa ilikuwa imepata pa kufanyia kazi: alijua tumeandika barua lini, nani alipokea, nani aliahidi nini.

Siku hizi bado nafuatilia mambo ya nchi. Nasikiliza Bunge wakati wa bajeti, na sitaki kumkaripia kijana anayejali nani anaongoza. Nimejiwekea tu utaratibu. Nikikuta nina hasira na mtu aliye Dodoma, najiuliza jambo hilo hilo lipo mtaani kwangu kwa sura gani. Nikikasirikia ufisadi, naenda kuuliza michango ya ulinzi shirikishi imetumikaje. Nikikasirikia elimu, nakwenda kwenye kikao cha wazazi cha shule ambayo si ninayofundisha, ila ndiyo wanayosoma watoto wa jirani. Mara nyingi nakuta jambo ni gumu kuliko nilivyodhani, na mwenye kosa ni mtu mwema aliyeelemewa. Ufahamu huo umenipunguzia kelele. Haujanipunguzia madai.

Kijiwe kipo, mabenchi sasa ni manne. Siku hizi wanapendelea kubishana Simba na Yanga, maana siasa zimekuwa za kuangalia nani anasikiliza. Kikao cha mtaro kinaendelea, kikilegea wakati wa kiangazi na kuamka mawingu yakitanda, na kimeshapata mwenyekiti mpya, mpangaji, binti mwenye saluni.

Nawe unayesoma, mkutano mkuu wa mtaa au wa kijiji chenu ni lini? Mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kukaa humo, kusomewa mapato na matumizi, na kuuliza. Kama tarehe huijui, ofisi ya mtendaji hufunguliwa siku za kazi. Nenda kamwulize, na umwombe akuonyeshe muhtasari wa mkutano uliopita.